Msimu wa Kupausha Ndimu

Ijumaa, mwezi mosi Mfunguo Sita, 1326 Hijria

Mbeyu, muuza ndimu wangu, amevuka leo kutoka Likoni na ndimu za kwanza. Nimemwambia ni ndogo, zina kovu, hazifai. Amecheka, kwa sababu ananijua, akazimimina zote uani bila kuniuliza mara ya pili. Ni nzuri mno. Ngozi nyembamba, maji tele.

Naandika tena kama nilivyoandika mwaka jana, maana marehemu baba alinifundisha herufi pamoja na kaka zangu na sasa sina wa kuzungumza naye. Awadh, mwanangu wa pekee, ni karani wa forodha. Hutoka alfajiri, hurudi taa zimewashwa. Mkewe Afaf tumekaa naye nyumba moja miaka miwili hapa Kuze, na yote ninayoyajua juu yake ni ndiyo mama na la mama. Sijamsikia akicheka kwa sauti. Msichana baridi. Nimesema.

Jumapili, mwezi 3

Tumeanza kupausha. Nimemwachia Afaf kikapu, mimi nimekaa juu ya kiti cha mbuzi ya nazi kama askari.

Kazi yenyewe ni ndogo, na ndiyo inayowashinda wengi. Maji yachemke hasa, yasiwe ya kusitasita. Ndimu zitiwe katika kikapu cha ukindu, kikapu kizamishwe, na anayezamisha asome Kul-huwallahu mara tatu, si mbio si pole. Akimaliza atoe papo hapo na kuzitia maji baridi. Ngozi itakuwa imeachana na ule ukijani wake mkali, imepauka, na uchungu umetoka. Ukizidisha, umezipika. Ukipunguza, uchungu unabaki humo humo. Kisha zifutwe moja moja, zianikwe juani mpaka zisiwe na unyevu hata wa jasho la mkono, ndipo zipasuliwe, zitiwe chumvi na pilipili na kufungiwa katika kasiki, mitungi yetu ya achari.

Na mwanamke asiye na sala hagusi. Mama alinifundisha hivyo, naye kafundishwa na mamake: mwanamke akiwa katika siku zake akitia mkono, achari inaota ukungu. Kwa hiyo nyumbani kwetu, kila mwezi, mmoja hukaa kando siku kadhaa akishona kofia, wala haulizwi kitu. Mimi hayo yamenipita zamani. Anayekaa ni Afaf.

Jumatano, mwezi 6

Wifi yangu Hind amekuja. Dada wa marehemu mume wangu, na hajawahi kuingia nyumba hii bila kuikagua. Amekunywa kahawa, amesifu ndimu, halafu akasema, na Afaf yupo pale pale na buli mkononi:

"Wifi, miaka miwili sasa. Miye sisemi kitu. Lakini binti yangu Thuweba yupo, na ni damu yake Awadh. Msimu huu wa ndimu ukisha, na mkazamwanao bado yuwakaa kando kila mwezi, basi Awadh na aoe. Au mwasemaje?"

Nikasema, "Haya." Naandika nilivyosema. Nataka mjukuu, na sikuona kosa katika neno lile. Afaf alimimina kahawa ya pili na hakumwaga hata tone.

Ijumaa, mwezi 8

Mvua.

Jumamosi, mwezi 9

Mvua. Ndimu zimelala ukumbini juu ya majamvi, nyumba nzima inanuka ukali wake. Awadh amepita juu yake kwenda chumbani bila kula.

Jumanne, mwezi 12

Maulidi. Tumesomewa vizuri. Nimemwomba Mungu jambo moja tu na analijua.

Jumatatu, mwezi 18

Hizi ndizo siku za Afaf. Nazijua kuliko nilivyojua zangu. Leo asubuhi nilikuwa nimekwisha kumwekea sindano na kofia mkekani. Amezipita, akachukua kikapu, akakizamisha. Midomo ilikuwa ikitembea kama ya msomaji wa Kul-huwallahu. Nikaiondoa kofia mkekani.

Alhamisi, mwezi 21

Hajakaa kando. Leo pia kapausha. Nimeziangalia ndimu zake, rangi moja zote, kama zimetoka kwenye mti mmoja.

Alhamisi, mwezi 28

Bado. Sijamuuliza, maana kitu cha namna hii ukikitaja mapema unakitia jicho. Lakini nimemkataza kubeba maji na nimemchagulia kipande cha samaki chenye mafuta. Kaniangalia kwa macho ambayo sikuyaelewa. Mwanamke wa mimba ya kwanza huwa hivyo, anaogopa furaha.

Nilimwita baridi. Sasa naona ni utulivu, na utulivu ni mali.

Jumatano, mwezi 4 Mfunguo Saba

Afaf amekwenda Kibokoni tangu jana usiku kumtazama mamake mdogo aliye na homa. Mvua imekuja ghafla nikiwa peke yangu na ndimu ziko nje. Nimezivuta jamvi kwa jamvi, nimeteleza, nimetukana. Kwa hasira nikazifuta kwa nguo, nikazipasua na kuijaza kasiki ya mwisho. Basi zimekwisha. Mgongo wangu haufai.

Jumapili, mwezi 15

Mwezi wa pili sasa hajakaa. Tunageuza kasiki kila siku, na nyingi ni yeye anayetia upawa.

Nimeshindwa kuvumilia. Nimemwambia Awadh baada ya magharibi, "Mwanangu, waona Mungu alivyo mkarimu." Akauliza kwa lipi. Nikamwambia. Akatazama mlango, akatazama sakafu, uso ukawa kama hauna damu. "Inshallah," akasema, akaondoka. Nikasema moyoni, wanaume wa siku hizi wana haya kushinda wari.

Jumatatu, mwezi 16

Nimekwenda kwa Hind usiku na nimemwambia waziwazi habari za Thuweba zikunjwe. Ulimi uliniwasha na nimeukuna. Hind akasema mashallah, mdomo kaufunga kama mfuko wa kamba. "Haya wifi. Macho yangu yataona."

Jumanne, mwezi 24

Kasiki moja ina ukungu. Mweupe, umetanda juu wote.

Jumatano, mwezi 25

Sijalala. Nimekuwa nikifanya achari tangu sijavaa ushungi na sijawahi kufungua kasiki nikakuta hivi. Mtu kagusa. Na mguso wa nani mwengine? Kama aligusa katika siku zake, basi siku zake zilikuja. Basi hakuna mimba. Basi kanitazama usoni wiki baada ya wiki nikimchagulia samaki, na kanidanganya. Nami nimekwisha kumpelekea Hind maneno kwa miguu yangu mwenyewe.

Leo nimempa salamu zake tu. Kesho nitasema.

Alhamisi, mwezi 26

Nitaandika yote, hata kama mafuta ya taa yatakwisha.

Nilimwita uani baada ya Awadh kutoka. Nikaifungua ile kasiki mbele yake. Nikamwambia, "Tazama." Akatazama. Nikamwambia, "Niambie mwenyewe kabla sijanena neno la kujutia."

Hakulia. Nilitaka alie. Akasema, "Nimegusa, mama."

"Ukiwa katika siku zako?"

"N'kiwa katika siku zangu. Mwezi uliopita, na mwezi huu. Kul-huwallahu sikuisoma, hilo n'lichelea. N'likuwa nikitikisa midomo, nikihesabu tu."

Nikamwita majina. Siyaandiki. Nikamwambia nyumba yangu si ya waongo, nikamwambia apange vitu vyake, nikamwambia Hind alimwona alivyo na mimi nilikuwa kipofu. Akanisubiri nimalize, kama mtu anavyosubiri mvua ipite. Halafu akaenda akafungua kasiki nyingine, na nyingine, akazifungua zote. Harufu ikajaa uani. Zote nzuri, rangi ya dhahabu, hakuna hata doa.

"Hizi zote nimezigusa, mama. Hii moja ndiyo sikuigusa. Uliijaza mwenyewe, siku n'liyokuwa Kibokoni. Tangu hapo huigeuza weye."

Nikakaa chini. Nilikumbuka mvua, nguo, hasira, ndimu zenye maji. Kitu nilichofundishwa na mama, naye na mamake, kilikuwa kimesimama mbele yangu katika kasiki zile na hakikuwa kweli. Lakini niliona aibu kulikubali hilo kwanza, nikashika lile jingine.

"Basi mimba huna."

"Sina."

"Na kwa nini hukukaa kando? Wajua ningefikiri nini!"

"N'lijua. Bi Hind alinena msimu ukisha na miye bado nakaa kando, Awadh aoe. N'kasema moyoni, nisikae. Awadh aliniomba muda. Alisema nimpe mpaka Ramadhani."

"Muda wa nini?"

Hapo ndipo sauti yake ilipokatika kwa mara ya kwanza. Akanisogelea, akanong'ona ingawa nyumbani hapakuwa na mtu.

"Mama, miye ni vile vile n'livyotoka kwetu Lamu. Hajawahi. Si usiku wa kwanza, si usiku wowote. Hutaka, na hawezi, na huketi ukingoni mwa kitanda mpaka asubuhi. Aliniapisha kwenye msahafu nisimwambie mtu. Leo nimevunja kiapo, na Mungu atanisamehe au hatanisamehe."

Nikakumbuka asubuhi ya harusi, na kitambaa alichotuletea kungwi, na vigelegele nilivyopiga mimi mwenyewe kushinda wote. Nikamuuliza. Akanionyesha kidole gumba, penye kovu dogo kama la kisu cha kukatia ndimu. "Alijikata yeye kwanza, na damu haikutosha. N'kajikata na miye."

Miaka miwili watu wa mtaa huu wanamtazama tumbo, na mimi wa kwanza wao. Nilimpa kombe la kunywa, aya zilizooshwa sahanini. Nilimpeleka kwa mganga wa kike akamkanda mpaka akatapika. Alinyamaza yote hayo kwa ajili ya mwanangu, nami nikamwita baridi.

Nilimshika mkono ule wenye kovu.

Ijumaa, mwezi 27

Nimesema na Awadh kabla hajatoka. Sikumlaumu. Nilitaka kumshika kama nilivyomshika alipokuwa na surua. Akasema, akiutazama ukuta, kwamba anatumia dawa, kwamba kuna maalimu anamwandikia. Halafu akasema jambo lililonigandisha.

"Mama, pengine ni kwa huyu tu. Pengine kwa Thuweba itakuwa vingine."

"Na isipokuwa vingine?"

Akachukua kofia yake, akatoka. Mwanangu, aliye na moyo wa kumhurumia paka, yuko tayari kumchukua msichana mwengine amfungie chumba kile kile ili ajaribu. Si ubaya, ni woga. Lakini anayefungiwa hana habari ya tofauti hiyo.

Baadaye mchana Hind kaingia bila hodi. Nilikuwa nikiimwaga ile kasiki. Akainama, akanusa, akaona ukungu ubavuni, akapiga makofi mara moja.

"N'lijua! Yuko aliyegusa. Mimba gani hiyo!"

"Ni miye, Hind. Nilizitia zikiwa na maji. Afaf hakuwapo."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Weye? Ummulkheir wa achari, utie ndimu na maji? Usimfichie, wifi. Muyi mzima wajua mkono wako."

Nikaapa. Haikufaa. Sifa niliyoitafuta maisha yangu yote ndiyo iliyoninyima kuaminiwa siku niliyohitaji. Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari: mkewe Awadh ni tasa, na juu ya utasa ni mwongo, anajifanya ana mimba. Hind kamtuma mtoto wa jirani aniambie kwamba Thuweba anaanza kushonewa nguo za harusi.

Jumamosi, mwezi 28

Wanawake watatu wamekuja kuomba achari ambao hawajapata kuomba. Walikuja kumtazama. Afaf aliwapakulia kila mmoja, akawauliza hali za nyumbani.

Jumapili, mwezi 29

Afaf kaniambia, "Mama, nataka kwetu. Lakini nikirudi na jina hili, hata wadogo zangu hawataposwa." Wadogo zake ni watatu, wote wasichana.

Nimefikiri usiku kucha. Nikisema kweli, namchoma mwanangu. Nikinyamaza, namchoma huyu, na baada yake Thuweba, ambaye kosa lake ni kuwa na mama kama Hind. Nimetafuta njia ya tatu mpaka kichwa kikauma.

Jumatatu, mwezi mosi Mfunguo Nane

Mvua imekatika. Sina hamu hata ya kuona jua.

Jumanne, mwezi 2

Awadh amemwacha Afaf, kwa kuwa mwenyewe aliomba kurudi kwao. Kaja na mashahidi wawili kutoka msikitini, wazee wasiouliza, akatamka talaka moja. Wakanywa kahawa, wakatuombea heri, wakaondoka. Mahari yake nimekwisha kumfungia kwenye leso.

Walipotoka Awadh akapiga magoti mbele yetu sote wawili. Akasema, "Afaf, sina haki ya kukuomba. Lakini nakuomba. Kaa edda humu ndani. Miezi mitatu tu. Halafu nenda, nami n'takusindikiza kwa heshima zote."

Sote tulielewa. Mwanamke aliyeachwa hukaa edda asitoke, ijulikane kama ana mimba ya mume au hana. Ila mwanamke mmoja tu: aliyeachwa kabla mume hajamwingilia. Huyo hana edda. Anaweza kutoka siku hiyo hiyo. Hivyo Qurani imesema, na hakuna mtoto wa chuo hapa Kuze asiyeijua aya hiyo. Afaf akikaa, atakuwa mke kama wake wengine, tasa aliyerudishwa. Akitoka, hakuna haja ya mtu kusema neno.

Afaf alimtazama. Aliona huruma, nilimwona. Alikuwa karibu kukubali.

Mimi ndiye niliyesema, "Asijibu leo."

Jumatano, mwezi 3

Alikuja chumbani kwangu baada ya alfajiri, kavaa buibui lake, furushi mkononi. Akasimama mlangoni.

"Mama, miye sikai."

Nilikuwa macho. Nilikuwa nimekwisha kuvaa langu.

"Ngoja jua lipande," nikamwambia. "Wanawake wa mlango wetu hatutoki mchana. Leo tutatoka mchana."

Tulingoja mpaka saa tatu, wakati mabaraza yamejaa. Awadh alikuwa forodhani. Nilishukuru na nilijilaumu kwa kushukuru. Kisha nikafungua mlango mkubwa, nikamshika Afaf mkono, tukaenda kwa mwendo wa kawaida, tukielekea Kibokoni kwa mamake mdogo. Kinyozi alisimamisha wembe. Wazee wa kahawa walitusalimia halafu wakanyamaza, na ule unyamavu ulitufuata kutoka baraza hadi baraza. Mkono wa Afaf ulikuwa baridi na ulinikaza mpaka pete ikaniuma.

Ningeweza kuzunguka kwa kichochoro cha nyuma. Nilipita mbele ya nyumba ya Hind kwa makusudi.

Alikuwa dirishani. Akaita kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima:

"Wifi! Mwenda wapi na mwanamke kaachwa jana? Hamna haya? Mrudishe ndani akakae edda!"

Nilisimama. Nilimwona mwanangu akiwa mdogo, anakimbia katika ndia hii hii bila kanzu. Nilimwona alivyopiga magoti jana. Ningeweza bado kusema namrudisha.

"Hana edda, Hind."

Sikupaza sauti. Haikuhitajika.

Nikauona uso wake ukipauka, mashavu kwanza, kisha midomo, mpaka akashika fremu ya dirisha. Aligeuza kichwa kutazama ndani ya nyumba yake. Nadhani Thuweba alikuwa humo na nguo zake mpya. Kisha akanitazama tena, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe na kaka yake, hakukuwa na ukaguzi katika macho yake. Akafunga dirisha taratibu.

Nyuma yangu mzee mmoja akasema lahaula, kwa upole. Mwengine, ambaye mkewe alikuja Jumamosi kuomba achari, akasimama akamwambia Afaf, "Pita, mwanangu," akamwondolea kiti njiani.

Kibokoni tuliagana ndani ya daka la mlango. Alinibusu mkono, nami nikambusu kichwa. Akaniambia nimpe Awadh ale, maana akiwa na majonzi hasahau kitu isipokuwa chakula. Ndipo nilipolia.

Nimerudi peke yangu. Habari zina miguu kuliko mwanamke wa umri wangu. Awadh alikuwa amekwisha kurejea kutoka forodhani, kakaa ukingoni mwa kitanda chake na kofia bado kichwani. Niliweka sahani ya wali mezani. Nilikuwa na maneno mengi njiani: kwamba nilimzaa kwa tabu, kwamba nampenda vile vile, kwamba kuna msichana mwengine aliyekuwa akishonewa nguo. Nilipomwona nilimvua kofia tu.

Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza kama Afaf amefika salama. Nikamwambia amefika.

Nje watu walikuwa wakipita, na kila aliyefika usawa wetu alishusha sauti.

"Mama," akasema, "nifungie dirisha."

Nikalifunga, nikaketi naye gizani.